Rafti au kayaki: kabla hujashuka Sagana

Mvua ya Aprili ikinyesha mpaka Barabara ya Thika igeuke mto, ndipo wenzangu wa ofisini hukumbuka kwamba kuna mto wa kweli huko Sagana. Kundi letu la WhatsApp hujaa picha za watu wenye helmeti wakipiga mayowe juu ya mawimbi ya rangi ya chai ya maziwa. Halafu lazima mtu aulize: "Sasa tunaenda na rafti ama kayaki?" Anauliza kama anayechagua kati ya ugali na chapati.

Mimi nimepanda vyote viwili: rafti, ule mpira mkubwa wa watu kadhaa, na kayaki, kile chombo kidogo cha mtu mmoja. Rafti nimeipanda zaidi ya mara kumi, nyingi zikiwa safari za ofisi ambazo bosi huziita za kujenga umoja. Kayaki nimehangaika nayo misimu mitatu, na hadi leo kuna siku inanitapika. Kwa hiyo usitegemee hapa ushauri wa bingwa. Huu ni wa mtu aliyemeza maji ya Tana ya kutosha kuyajua ladha.

Wengi hudhani tofauti ni ukubwa wa chombo, au kwamba kimoja ni cha waoga na kingine cha majasiri. Ninavyoona mimi, kila kitu kinaanzia kwa nani anayeusoma mto. Kwenye rafti kuna mtu ameketi nyuma, kwenye tezi, anausoma kwa niaba yenu wote. Kwenye kayaki unausoma peke yako, na ukikosea herufi moja unajikuta kichwa chini miguu juu.

Uliza maji kabla ya kuuliza chombo

Sagana ni kama kilomita 100 kutoka katikati ya Nairobi: Thika, Kenol, halafu Makutano pale njia ya Embu inapochepuka, na umefika. Mto Tana katika sehemu hii ya juu huitwa Sagana. Unabeba maji ya Mlima Kenya na ya safu za Nyandarua, kisha unaingia bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo uende zake taratibu hadi Kipini, Bahari ya Hindi. Ukishafika Masinga mchezo umekwisha. Maji ya kuchezea ni haya ya juu, kabla hayajafungiwa kutengeneza umeme.

Tana inategemea mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, mto hujaa na kuwa mwekundu kwa udongo wa mashamba. Februari au Septemba utaukuta umekonda, mawe yametokeza migongo kama viboko. Hapo rafti huanza kusumbua. Inakwama juu ya jiwe, mnateremka, mnaisukuma, mnapanda tena, na nusu ya siku imeishia kwenye kusukuma mpira. Kayaki haina shida hiyo. Inapenya mahali ambapo mtu mmoja angepita akiwa amekunja mabega, na maji yanayofika magotini yanaitosha.

Mawimbi ya mto hupimwa kwa madaraja, la kwanza hadi la sita. La kwanza ni maji yanayokwenda tu. La tatu lina mawimbi yasiyopangika na yanakudai ugeuze chombo kwa wakati. La nne lina nguvu na halisamehe mtu aliyechelewa. La sita wengi wetu tutaliangalia tukiwa tumesimama ukingoni, mikono mfukoni. Kitu ambacho wageni hawakijui ni kwamba daraja si muhuri uliopigwa kwenye jiwe. Poromoko lile lile la daraja la tatu wiki iliyopita laweza kuwa la nne leo kwa sababu mvua ilinyesha Nyeri usiku kucha, hata kama Nairobi mliamka na jua.

Ukitaka kuona mto unaochagua chombo wenyewe, nenda Mathioya. Ni mto mdogo unaotoka Nyandarua na kuteremka Murang'a kabla ya kuungana na Tana. Ni mwembamba, una mawe kila hatua, na mteremko wake ni mkali. Huko kayaki iko nyumbani. Rafti ikienda, ni ndogo, na waliomo wawe wameshazoea kupiga kafi pamoja. Kupeleka Mathioya watu kumi wa idara ya uhasibu waliolala saa nane usiku ni kutafutana ubaya.

Kinyume chake ni Jinja, kule Uganda. Mto Nile ukitoka Ziwa Victoria huwa na maji mengi, vuguvugu, yasiyobadilika sana kwa msimu. Bwawa la Bujagali mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019 yaliyameza baadhi ya maporomoko, lakini yaliyobaki bado ni makubwa. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa kayaki anaweza kujifunza vizuri zaidi kwenye mawimbi hayo makubwa kuliko kwenye kijito cha mlimani, kwa sababu chini yake maji ni marefu. Ukipinduka, kichwa chako hakikutani na jiwe. Lakini ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi, basi la usiku na mpaka katikati, kwa hiyo si jambo la Jumamosi.

Asubuhi moja kwenye mpira

Safari yangu ya kwanza ya rafti tulikuwa saba na mwongozaji. Rafti ni mpira mnene wa urefu wa mita nne na kitu, wenye sakafu inayotoa maji yenyewe. Usidhani unaketi ndani yake kama kwenye mtumbwi. Unaketi juu ya ukingo wa mpira, nusu ya makalio nje, na mguu mmoja umeusokomeza chini ya mpira wa katikati ili usiruke. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Nikadhani ni utani wa kuwatisha wageni.

Kabla ya kuingia majini tulifundishwa kwa muda wa kama nusu saa, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa juu ya kafi. Kafi ya rafti ina kichwa cha plastiki chenye umbo la herufi T, na mkono wako mmoja haupaswi kukiachia kamwe. Mwongozaji, kijana wa pale Sagana, alizunguka akimshika kila mmoja vidole na kuvifunga juu ya kile kichwa. "Dada, watu wanafikiri jiwe ndilo linavunja meno," akaniambia. "Meno yanavunjwa na hii kitu, ya jirani yako."

Baada ya hapo ni amri chache tu: mbele, nyuma, simama, lala chini. Poromoko la kwanza kubwa lilipokaribia sikuliona, nililisikia. Mto mbele yetu ulikuwa umekatika kama ukingo wa meza, na ng'ambo ya ukingo huo kulikuwa na matone yanayoruka na hakuna kingine. Nikaacha kupiga kafi nitazame. Sauti ikatoka nyuma: "Dada wa helmeti ya kijani, piga kafi! Picha utaziona baadaye!" Nikapiga. Rafti ikainama, omo ikazama mpaka mtu wa mbele akapotea ndani ya povu, halafu tukachomoka upande wa pili tukiwa sita.

Wa saba alikuwa mhasibu wetu. Alielea mita mbili kutoka kwetu, macho yamemtoka, kafi bado mkononi kwa sababu alikuwa amesikiliza somo. Mwongozaji alimfikia, akamshika mabegani kwenye jaketi la kuokolea, na badala ya kumvuta juu akamsukuma chini kwanza. Tulipiga kelele tukidhani amechanganyikiwa. Kumbe jaketi likisukumwa chini hurudi juu kwa nguvu, na kwa nguvu hiyo hiyo akajitupa chali ndani ya rafti na mhasibu akamwangukia kifuani. Ilichukua muda wa kupumua mara tatu. Nilifikiria baadaye: katika dakika hiyo yote mimi sikuamua jambo lolote. Wala mhasibu. Mto ulisomwa, hatari ikaonekana, mtu akaokolewa, na sisi kazi yetu ilikuwa kutii na kupiga mayowe.

Hiyo ndiyo raha ya rafti na ndio mpaka wake. Mtu ambaye hajawahi kugusa mto anaweza kupita daraja la nne siku ya kwanza, jambo lisilowezekana kwa kayaki. Mnacheka pamoja, mnalowa pamoja, na jioni kila mtu ana kisa. Lakini ukirudi mara ya kumi, unaweza kuwa huujui mto zaidi ya ulivyoujua mara ya pili. Unaweza kupanda matatu miaka ishirini bila kujifunza kuendesha.

Kichwa chini

Kayaki haianzi mtoni. Inaanza kwenye bwawa la kuogelea, siku ya kawaida, watoto wa watu wakikutazama. Unaingiza miguu, unakaza magoti kwenye ubavu wa ndani, halafu unavishwa sketi ya mpira inayofunga tundu lote ulimokaa ili maji yasiingie. Baada ya hapo mwalimu anakwambia: "Haya, pinduka."

Somo la kwanza ni namna ya kutoka. Ukiwa umening'inia chini ya maji, unainamisha kifua mbele, unagonga ubavu wa chombo mara tatu kujithibitishia kwamba hujapoteza akili, unatafuta kitanzi cha sketi kwa mikono miwili, unakivuta, unasukuma, unatoka kama mtu anayevua suruali ya kubana. Mara ya kwanza sikugonga hata mara moja. Nilitoka nikiwa nimejikwaruza mapaja yote mawili, na niliibuka nikimlaumu mwalimu kwa jambo ambalo sikumbuki.

Somo la pili ni kujigeuza juu bila kutoka, na hilo lilinichukua wiki nyingi. Kila anayejifunza huamini kwamba mikono ndiyo inayomwinua. Nyonga ndiyo inayogeuza chombo. Kafi inakupa tu kitu cha kuegemea juu ya maji, na kichwa, ambacho kinatamani hewa kuliko kiungo kingine chochote, kinatakiwa kitoke mwisho. Ukikitanguliza, unarudi chini. Mwili wote unakupigia kelele uinue kichwa, nawe unatakiwa uukatalie. Sijui mchezo mwingine unaodai hivyo.

Na bwawani ni bwawani. Siku niliyopinduka mtoni kwa mara ya kwanza, chini hakukuwa na bluu wala vigae. Kulikuwa na mwanga wa rangi ya kahawia, kama kutazama taa kupitia gunia, na sauti ya changarawe zikiburutwa na mkondo, tik-tik-tik, masikioni kabisa. Nilijaribu kujigeuza mara moja, nikashindwa. Mara ya pili kafi ilishika maji, nikatoka nikitema, na niliona kwamba nilikuwa nimesafiri umbali wa urefu wa basi mbili hivi bila kujua. Nilitetemeka mpaka tulipokula chakula cha mchana. Jioni, kwenye gari, nilikuwa naomba siku ya kurudi.

Kilichonibadilisha zaidi ni mambo madogo kuliko huko kupinduka. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji huzunguka na kurudi juu, yanatengeneza kibaraza kilichotulia katikati ya vurugu. Kwenye rafti nilipita vibaraza hivyo mamia bila kuvijua. Kwenye kayaki ndipo unapopumzikia: unakata mstari wa mkondo, unaegemea upande sahihi, chombo kinageuka na kusimama, nawe unakaa hapo unatazama poromoko linalofuata na kuchagua njia. Ukiegemea upande usio sahihi, unapinduka mahali palipotulia kabisa, mbele ya watu. Yamenipata zaidi ya mara moja.

Kati ya hizo mbili

Kuna chombo cha tatu ambacho watu hukisahau: kayaki ya kujazwa upepo. Ni kama rafti iliyokonda, ya mtu mmoja au wawili, na imefunguka juu. Hakuna sketi, hakuna kuning'inia. Ukianguka umeanguka, unapanda tena. Inasamehe sana, lakini inakulazimisha uchague njia mwenyewe. Kwa mtu aliyechoka kuwa abiria lakini hana miezi ya kujifunza kujigeuza, nadhani hiki ndicho chombo. Kwenye maji ya daraja la pili na la tatu jepesi kinatosha kabisa.

Fedha na nyumba ya kupanga

Rafti unalipa siku moja, ukapewa kila kitu pamoja na chakula, ukarudi nyumbani na nguo mbichi kwenye mfuko. Kayaki inakula pesa kidogo kidogo: masomo ya siku kadhaa, bwawa, kukodi chombo, mwalimu wa kushuka nawe. Hakuna siku utakayolipa ukasema nimemaliza.

Ukifikia kununua yako, fikiria nyumba kwanza. Kayaki ya mto wa mlima ni fupi, mita mbili na nusu hivi, lakini haikunjiki. Rafiki yangu anaishi ghorofa ya nne Zimmerman, ngazi nyembamba, na kayaki yake hukaa sebuleni nyuma ya kochi. Mgeni akija anaulizwa asiegemee. Matatu za Sagana hazimtaki nayo. Anangoja basi lenye keria, analipia kama gunia la viazi. Mwenye rafti ya kukodi hana habari ya mateso haya.

Hatari ni ipi

Ukiumia kwenye rafti, mara nyingi ni kifundo cha mguu au uso uliopigwa na kafi. Kwenye kayaki ni bega, kwa sababu mtu huinua mkono juu ya kichwa akijiegemeza na mto ukauvuta. Lakini kinachoua hakibagui chombo. Ukiwa majini nje ya chombo, lala chali, miguu mbele kuelekea unakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usisimame. Hata maji yakiwa ya kiunoni, usisimame mpaka mkondo utulie. Mguu ukinaswa kati ya mawe mawili, mkondo unakuinamisha mbele na jaketi halitakusaidia. Na mti ulioangukia mtoni uuogope kuliko poromoko: maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti.

Mwaka mmoja tulienda na kikundi fulani, jina nitalihifadhi, kilichokuwa na bei ya kuvutia. Jaketi langu lilikuwa na kifungo kimoja kilichovunjika na kufungwa kwa kamba ya katani. Hakukuwa na mtu kwenye kayaki ya kutangulia kuokoa walioanguka, na mfuko wa kamba ya kurusha ulikuwa umeachwa kwenye gari. Nilipouliza niliambiwa, "Mama, hii maji ni ya watoto." Nilivua helmeti nikaketi ukingoni na chupa ya soda. Wenzangu walishuka wakarudi salama, wakanicheka njia nzima mpaka Thika. Sijajuta.

Kujua kuogelea kunasaidia kote, lakini uzito wake si sawa. Kwenye rafti, mtu asiyeogelea anaweza kupokelewa kwenye sehemu nyepesi, maadamu aseme ukweli mapema na avae jaketi linalobana. Kwenye kayaki asiyeogelea aanze na kuogelea, na nasema hivyo bila kupunguza neno. Maji yaliyotulia pembeni kwenye majani nayo si ya kuchezea, maana kichocho hupenda maji ya namna hiyo kuliko mkondo unaokimbia.

Ningemwambia nani nini

Kikundi cha ofisi, wanandoa, mtu anayesherehekea kutimiza miaka arobaini, binamu waliokuja kutoka Mombasa wiki moja: rafti, bila mjadala. Mnaotaka kucheka pamoja msijitese. Mtu mwenye bega bovu, vilevile rafti. Mwenye woga wa kubanwa mahali padogo asiipuuze ile sketi. Ajaribu kwanza bwawani kabla hajalipia masomo yote.

Kayaki ningempa mtu mmoja tu, na namtambua kwenye rafti. Ni yule ambaye wenzake wakipiga mayowe yeye amenyamaza, anatazama kwa nini maji yamegeuka pale. Akifika chini anamfuata mwongozaji kuuliza, "Mbona tulipita kushoto?" Huyo akipanda rafti mara ya tano atachoka. Mpeni kafi yenye mabapa mawili na mwalimu mvumilivu, na miezi sita. Mimi nilikuwa naye kwenye safari moja Novemba, mdogo wangu wa mwisho, na sasa ananipita kwa kujigeuza. Sijampongeza bado.

Ukishaamua, piga simu Alhamisi, si Jumamosi asubuhi ukiwa Kenol. Usiulize kama maji ni mazuri, maana utaambiwa ni mazuri. Uliza kama mwongozaji ameshuka mto wiki hii, na maji yamefika wapi leo kwenye jiwe wanalopimia pale mnapoingilia. Wanaoujua mto wana jiwe kama hilo, na watakutajia bila kufikiri. Kisha uliza watafanya nini mvua ikinyesha Nyeri Ijumaa usiku. Wakikwambia kuna sehemu nyingine ya mto watawapeleka, au watawarudishia pesa, lipa.